Miaka Mitatu ya Kimbunga

Kila Jumamosi asubuhi mimi hufagia, mama hushona, na kaka yangu hujisifu. Mtaani anaitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe kisha akalisambaza. Tangu amalize chuo, kazi yake ni kutuambia kwamba waajiri wa siku hizi hawatambui vipaji.

Jumamosi hiyo alikuwa na usaili kwa video. Kampuni moja changa, inayotengeneza programu za kupanga foleni za wagonjwa hospitalini, ilikuwa inatafuta mtunga programu. Mama alikuwa amemwambia wazi, "Ukiikosa na hii, mwanangu, Jumatatu unakwenda kubeba saruji na mjomba wako."

Basi nyumba ikapinduliwa. Kitanda kilifichwa kwa shuka, cherehani ikanyamazishwa, nami nikaamriwa kukaa chini ya meza nishikilie waya wa kompyuta, maana huwa unachomoka.

"Na usipumue kwa nguvu," Injinia alinionya. Makubwa!

Msaili alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Umeshatunga programu ngapi, kijana?"

"Nyingi mno, hata sihesabu."

Nyingi! Mimi naijua moja tu, ya kikokotoo, na ilisema saba mara nane ni kumi na tano.

"Na programu iitwayo Kimbunga je, umewahi kuitumia?"

Kaka alikaza tai. "Kimbunga? Miaka mitatu sasa. Mimi ndiye huwafundisha wenzangu."

"Hongera," alisema msaili. "Maana nimeibuni leo asubuhi nikipiga mswaki. Hakuna programu ya jina hilo."

Niliuma midomo nisicheke. Mara mguu wa kaka ukanigusa begani, kisha nikasikia mnong'ono: "Chomoa waya! Tutasema umeme umekatika."

Mtu mzima na tai yake! Nilimdharau kuliko siku zote. Nikaushika waya kwa mikono miwili.

"Sichomoi!" nikasema kwa sauti.

"Nani huyo?" msaili aliuliza.

"Ni... mdogo wangu. Nimemwambia achomoe waya." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli siku hiyo.

"Afadhali. Sasa niambie usichokijua."

Kaka alilegeza tai. Alisema programu yake ni moja tu, na kwamba aliweka alama ya kujumlisha mahali pa kuzidisha. Msaili akamuuliza alivyoligundua kosa. Akaeleza hatua kwa hatua, polepole, bila madoido. Sikuamini kama ni yeye.

"Kazi ya mtunga programu sikupi," msaili alisema mwishowe. "Lakini njoo Jumatatu ujifunze, kwa posho ndogo. Kwetu mtu akijifanya anajua, mgonjwa mahututi anaweza kuachwa mwisho wa foleni. Nikiajiri mtu wa hivyo, usiku sitalala."

Kompyuta ilipozimwa nilicheka hadi nikagonga kichwa kwenye meza. Mama alikuwa amesimama mlangoni, uzi mkononi.

"Na wewe unayecheka," alisema, "juzi uliniambia hesabu hukuielewa. Mwalimu alipouliza nani hajaelewa, ulinyoosha mkono?"

Kicheko kikaniisha. "Sikunyoosha, mama."

"Ukanyamaza ili uonekane unajua, kama huyu. Kusema hujui si aibu, wanangu. Aibu ni hiyo niliyoisikia kutoka jikoni. Jumatatu kila mmoja akaseme hajui: yeye kazini, wewe darasani."

Jumatatu, mwalimu hakuwa hata amemaliza kuuliza, mkono wangu ulikuwa juu.