Watoto Watatu wa Kerwa

Jalebi ya moto, kitamu cha kukaanga kilicholowa shira, ilimponyoka Zubair mkononi katikati ya watu wa soko la New Market, mjini Bhopal, India, ikamwachia Shagufta doa la shira kwenye mtandio wake wa zambarau. Shagufta alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini: shati la kaki lisilojua pasi, viatu vya matope, majani makavu kichwani. Mwanamume wa namna hiyo Shagufta hakuwa akimhesabu hata kwenye foleni.

Alipomuuliza katoka wapi na uchafu ule, Zubair alieleza kwamba ni mtu wa idara ya misitu, katoka kukagua kamera zilizofungwa mitini kule Kerwa, ukingoni mwa mji, akiwatafuta simbamarara.

"Wanawake wote hawa wa Bhopal, wewe unavizia paka?"

"Paka hanibenulii midomo, dada."

Shagufta alicheka bila kupenda. Tangu hapo kila mchana ikawa simu, na kila mchana akimsuta kwa paka wake, huku moyo umeshakwenda. Siku moja Zubair alimtumia picha, kisha akampigia akilia kwa furaha: simbamarara jike na watoto watatu, pale ambapo kwa miaka mingi hapakuonekana ila mbuzi na wakata kuni. Siku hiyo Shagufta hakumsuta. Alijua huyu ndiye mumewe.

Kikwazo kilikuwa baba yake, Latif Sahab, aliyetaka kujenga majumba ya matajiri kwenye mteremko uleule wa Kerwa ilikopigwa picha. Zubair alipokuja kuposa, amevaa sherwani ya kuazima, lile koti refu la sherehe, mzee alimmiminia chai akamwambia kwa upole kwamba watoto wale wa simbamarara wasipojulikana kwa wakubwa wa idara, harusi itakuwa baada ya Idi. Shagufta, sahani ya sambusa mkononi, alingoja kumsikia Zubair akikataa.

"Hawatajulikana, baba," Zubair alisema, akamgeukia Shagufta akitabasamu kama aliyemletea zawadi.

Kesho yake mchana simu ililia.

"Umenuna nini, mpenzi? Nimefanya kwa ajili yako."

"Usinitie kwenye aibu yako. Nilikudharau kwa ajili ya shati, nikakosea. Safari hii sikosei."

"Shagufta, nisikilize."

"Ile picha nimempelekea mkubwa wako jana ileile. Leo asubuhi ujenzi umezuiwa, na baba hasemi nami. Wale watoto watakua, Zubair. Nenda kawatazame, kama una uso wa kuwatazama."

Alikata simu. Alilia mpaka kope zikavimba, maana alimpenda, na katika kulia kote huko hakumwonea huruma hata chembe.