Matairi Mawili ya Nyuma

Maiti ya Sévère Hatungimana ilikuwa bado imeshika usukani.

Gari lilikuwa limelala juu chini kwenye mawe ya ufuko, chini ya kona ya mwisho kabla ya kuingia Makobola. Jeneza la mama mkwe wake lilikuwa limetupwa nje na kupasuka ubavu. Wanawake walikuwa wamevua vitenge vya mabegani wakalifunika jeneza kwanza, kabla ya kuwafunika wale waliokufa muda huo huo. Wafu wapya walikuwa wawili: Sévère, dereva, na shemeji yake mkubwa aliyekaa pembeni yake. Waombolezaji wengine, waliopanda nyuma pamoja na jeneza, walikuwa wameshapelekwa hospitali na mifupa yao iliyovunjika.

Inspekta Nicole Ninahazwe wa polisi ya Uvira aliteremka taratibu, akijishikilia kwenye majani yaliyolowa mvua ya asubuhi. Ndani ya gari kulinuka kasiksi, pombe ya ndizi.

"Mulevi," komanda wake alisema kutoka juu barabarani, kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi nyumbani. "Wiki hii hii si alikuwa ananywesha mipira? Andika ulevi, tufunge."

Mipira ndiyo matairi, kwa midomo ya madereva wa Uvira. Na kunywesha ni desturi ambayo hakuna anayeikwepa: ukinunua pikipiki, redio, hata mlango wa bati, utawaita rafiki zako, utawanunulia kinywaji, na tone la kwanza litamwagwa juu ya kile kitu kipya. Sévère alikuwa amenywesha matairi ya gari hili hili, la kubeba samaki, mbele ya madereva wenzake wote.

Ninahazwe aliendelea kulikagua gari. Lakini watu wa Makobola waliokuwa wamejaa kwenye kona walisikia, na neno lile liliingia kijijini kabla ya maiti.

Jioni hiyo Aimé, mdogo wa yule shemeji aliyekufa, alisimama kwenye uwanja wa nyumba yao akasema kwamba Sévère hatazikwa kwenye ardhi ya familia. Abaki palepale kwenye chumba cha maiti. Kisha akamgeukia mjane wa Sévère, Amandine, dada yake wa tumbo moja.

"Weye njo ulituletea mulevi," alimwambia mbele ya watu. "Ameua yaya yetu, mukubwa wetu. Mama amemutupa njiani sawa muzigo wa samaki ya ndagala. Kaburi ya mama usiikaribie."

Amandine hakulia. Aliuliza ni nani aliyemwona mume wake akinywa. Vijana waliokuwa nyuma ya Aimé walianza kusema kwamba nyumba ya mlevi huko Uvira inaungua upesi.

Ninahazwe aliyasikia yote akiwa amesimama kando ya ua. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti. Hasira yake ilipanda polepole, na ikishapanda haikushuka. Alirudi kwenye gari kesho yake na kulizunguka peke yake.

Matairi ya mbele yalikuwa mapya: manene, mifereji yake ya kina, nywele za mpira wa kiwandani bado zimesimama. La nyuma la kushoto lilikuwa limepasuka kutoka ubavu hadi ubavu. La kulia lilikuwa zima, lakini alipolipapasa, kiganja chake kiliteleza kama juu ya sahani. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeanza kuchungulia. Mtu alikuwa amezipaka tope.

Alichuchumaa hapo muda mrefu. Mtu hanyweshi matairi mawili akayaacha mawili.

Mama Apolline, mwenye gari, alikuja na uchungu wake na ukali wake. Alisema alinunua manne, mapya yote, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwaga Fanta juu ya kila moja. Fanta, kwa sababu dereva wake hakugusa pombe tangu alipoanza kubeba samaki. Gari la samaki linaondoka kabla ya jogoo. Majeruhi hospitalini walisema ile kasiksi ilikuwa ndani ya bidoni, dumu la plastiki, zawadi ya kuwapelekea wachimba kaburi, na bidoni lilipasuka gari lilipobiringika. Daktari naye alisema hivyo hivyo: tumboni mwa marehemu hakukuwa na pombe.

Ninahazwe alimpelekea komanda maneno hayo. Komanda alisema daktari anaweza kukosea.

"Na matairi, afande?"

"Matairi ni matairi. Yanapasuka."

Ninahazwe alitoka ofisini bila kufunga mlango.

Akaenda kwa Papa Ezéchiel, muuza matairi karibu na soko la Mulongwe. Mzee huyo alimkumbuka Sévère vizuri, na bado alikuwa amemkasirikia.

"Ile mutu alinichokesha," alisema. "Nilimupa mipira ya kung'aa, ya bei ya chini. Akaikunja ubavu na dole gumba, akasema hii ni ya gari ya bwana harusi, haiko ya kubeba samaki na barafu. Nikamupa ingine. Akasema mifereji haifunguki pembeni, matope itaingia na haitatoka, na mupira ukishajaa matope unateleza sawa sabuni. Nikamupa ya tatu. Akasoma tarehe ya kiwanda, akasema imekaa sana mu depo, itapasuka jua likiipiga."

"Mwisho alichukua ipi?"

"Ya kazi. Ubavu mugumu, ya kubeba uzito. Ilibaki ine tu, zote za tarehe moja. Kwanza akaipiga ngumi, njo akacheka." Kisha mzee akasema kwa sauti nyingine: "Mutu anayechagua vile hawezi kufa na mupira, Madame. Banatudanganya."

Ninahazwe alimwomba amwonyeshe mahali tarehe hiyo inapoandikwa. Kisha akarudi Makobola, akanakili ile ya matairi ya mbele. Akiwa pale aliingiza kijiti ndani ya rimu za nyuma na kukwangua udongo uliokauka humo. Barabara ya Makobola ina udongo mwekundu na mchanga wa ziwa. Uliotoka kwenye rimu ulikuwa mweusi, wa kunata, na umechanganyika na makapi ya mpunga.

Tope jeusi na mpunga ni mambo ya bonde la Ruzizi, upande wa pili kabisa wa Uvira. Gari la samaki halikuwa limewahi kwenda huko. Basi magurudumu yale yalikuwa yamefungwa kwenye gari jingine, la aina ile ile, linalobeba mpunga. Kwenye parking ya Mulongwe, ambako Sévère alikuwa ameliacha gari siku zote za kilio, gari la namna hiyo lilikuwa moja tu. Dereva wake aliitwa Gratien, na kila mtu pale alimwambia Ninahazwe kwamba alikuwa rafiki wa marehemu. Kwamba ndiye aliyeachiwa gari alichunge.

Gari la Gratien lilikuwa limefunikwa shiti, turubai kubwa, hadi chini. Ninahazwe aliinua shiti kwa nyuma. Matairi mawili, mbavu ngumu, mifereji iliyofunguka pembeni. Akainama kusoma tarehe. Ilikuwa ile ile.

Akaiandika kwenye daftari lake, kisha akaliteremsha shiti.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza na viti viwili. Gratien aliingia na nguo za msiba.

"Wewe na Sévère mlikuwa nani kwa nani?"

"Ndugu yangu, Madame. Tulianza kazi pamoja."

"Siku za kilio ulisafiri?"

"Nilienda Luvungi. Kuleta muchele."

"Kwa mipira ipi?"

"Yangu."

Ninahazwe aliweka mfuko wa plastiki mezani na kuufungua. Udongo mweusi ukamwagika kidogo.

"Hii nimeitoa kwenye rimu za Sévère. Yeye alibeba samaki. Mpunga aliutoa wapi?"

Gratien aliyagusa makapi yale kwa kidole.

"Tarehe ya mipira yake iko chini ya shiti lako. Nimeisoma. Papa Ezéchiel yuko nje, anaweza kuisoma tena. Niambie mwenyewe, au nimwite?"

"Usimwite."

"Basi sema."

Gratien alijifuta uso kwa viganja viwili. Ilipoanza, hadithi ilitoka bila kusukumwa.

Kwa mwaka mzima alikuwa amemwomba patron wake, mwenye gari la mpunga, matairi. Patron alimwambia aendeshe hivyo hivyo, matairi hayaliwi. Kila mvua ikinyesha bondeni alikwama, na wanakijiji walimsukuma wakimwimbia nyimbo za matusi. Kisha ikaja siku ya kunywesha. Wote walikuwa wamekaa, wanakunywa. Sévère, kwa furaha yake, akaelekeza chupa kwenye gari la Gratien.

"Alisema, 'Mipira ya Gratien imenyolewa sawa kichwa ya pasteri. Siku moja utaogelea na muchele, ndugu yangu.' Bote bakacheka. Na minye nikacheka."

"Kwa sababu ya mzaha?"

"Hapana, Madame. Ndiyo. Nilitaka mara moja tu nipande ile tope bila kusukumwa. Niende sawa mutu."

"Ukamwibia rafiki yako."

"Nilikopa. Nilijua iko mu kilio. Mutu wa kilio hashiki usukani, gari yake inalala mupaka mufu azikwe. Kwetu iko hivyo, hata weye unajua. Na jeneza walikodia gari ingine. Nilifungua mipira yake ya nyuma, ile inasukuma gari, muchana, mbele ya batu, bakafikiri ninamutengenezea. Yangu nikaipaka matope, nikaweka pale. Nilisema nitarudisha kabla hajatoka mu matanga."

Lakini gari la kukodi halikufika. Asubuhi ya maziko familia ilisubiri hadi mvua ikakatika, kisha Sévère akasema mama mkwe wake hawezi kulala siku nyingine juu ya meza, atampeleka mwenyewe. Alikuja parking mbio, macho mekundu, akaliwasha gari lililokuwa limesimama kwenye dimbwi, matako ukutani. Hakuzunguka nyuma. Mwenye kufiwa haangalii chini.

Ninahazwe alikuwa na swali moja tu lililobaki, na aliliogopa.

"Ulijua lini kwamba ameondoka na gari?"

Gratien aliusogeza kando mfuko wa udongo.

"Pale Kavimvira, karibu na nyumba ya kilio," alisema. "Nilikuwa ninatoka Luvungi. Nikaona msafara unaingia barabara kubwa, gari ya samaki iko mbele, na musalaba juu."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama kando. Nikashuka. Nikatoa kofia, sawa batu bote."

"Alikuwa mbali?"

Gratien aligusa ukingo wa meza. "Hapa. Alinipigia honi. Akainua mukono, akanishukuru juu ya kuheshimu mufu wake."

"Na matairi yako yakapita mbele yako."

"Yakapita."

"Kwa nini hukumsimamisha?"

"Maiti haisimamishwi njiani, Madame. Ikisha kutoka nyumbani, imetoka. Hata mutoto anajua."

Ninahazwe alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na hakukiokota. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwanzo.

"Usijifiche nyuma ya jeneza, Gratien. Kama simu yako ingekuwa ndani ya gari lile, ungemsimamisha?"

Alingoja. Gratien alianza kulia, na yeye akaendelea kungoja, kwa sababu hakutaka machozi, alitaka neno.

"Ningemusimamisha," Gratien alisema mwishowe.

"Basi?"

"Bangejua niko mwizi. Bote balikuwa pale, batu ya kilio na shemeji zake. Wangeshuka, wangeona. Ningesema nini mbele ya batu bote? Nikasema, njia ni fupi. Nikasema Mungu ataichunga."

"Watu walikuwa wangapi nyuma ya lile gari, pamoja na jeneza?"

"Sikuhesabu."

"Hukuhesabu," Ninahazwe alisema.

Alimsomea mashtaka: wizi, na kusababisha vifo kwa uzembe. Patron wa gari la mpunga naye aliitwa, akaja na wakili na manukato, akaulizwa juu ya matairi yasiyoliwa. Komanda alisoma maelezo ya Gratien mara mbili, akakohoa, akasema kazi nzuri, faili irekebishwe.

"Faili haikumtukana mtu," Ninahazwe alimwambia. "Afande alisema ulevi kwa mdomo, barabarani, kijiji kikasikia. Afande atakwenda Makobola aseme tena kwa mdomo, palepale, kwa sauti ile ile."

Komanda alimwangalia kama mtu aliyesikia mbwa wake akiongea. Lakini faili ilikuwa mkononi mwa Ninahazwe, na jina la yule aliyetaka ifungwe lilikuwa ndani. Komanda akaenda.

Alisema maneno machache, akiangalia ziwa. Sévère hakunywa. Matairi yake yaliibiwa na mtu aliyemwamini. Alipomaliza, wale vijana waliozungumzia kuchoma nyumba walikuwa wa kwanza kuondoka.

Aimé alibaki. Alikuja hadi mlangoni alipokaa dada yake, akapiga magoti kwenye udongo na kuanza kutafuta maneno. Alisema hasira ilimpofusha. Alisema alikuwa amepoteza mama na yaya ndani ya wiki moja. Alisema atakwenda hospitali mwenyewe kumchukua shemeji yake Sévère, ambebe kwa bega lake.

Amandine alimwacha aseme mpaka akakaukiwa.

"Minye sina kitu ya kukupa," alisema. "Jembe iko nyuma ya nyumba. Enda uchimbe."