Usiniambie Imebaki Kidogo

Ko. Ko-ko. Ko.

Kabla hakujapambazuka, mlango wa kabati la jikoni ulikuwa umeshaanza kazi yake. Kila upepo ulipopenya dirishani uligonga, ukatulia, ukagonga tena, kama mgeni mwenye haya. Mshonaji alijifunika shuka mpaka utosini. Bibi yake alikuwa macho tayari, akitembea kwa ncha za vidole ili asimwamshe mjukuu ambaye kabati lilishamwamsha.

"Bibi, leo nanunua bawaba," alisema kutoka kitandani.

"Ulisema hivyo tangu mvua hazijaanza. Chai yako iko mezani, nimeifunika na sahani."

Safari hii hakusahau. Mchana alifunga kibanda chake cha kushonea, akaenda duka la vifaa vya ujenzi akiwa amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, lile lenye mikono mipana. Duka lilijaa. Watu walinunua misumari, mabati na rangi, na kila mmoja alidai yeye ndiye aliyetangulia. Mshonaji alichagua bawaba moja nene, akajipanga kwenye foleni nyuma ya mwanamume mrefu.

Yule mwanamume aligeuka, akaitazama ile bawaba. "Dada, unafunga kabati au geti la gereza?"

"Kabati."

"Basi ukiifunga hiyo, kabati lote litang'oka likufuate."

Penseli ilikuwa nyuma ya sikio lake, na maranda ya mbao yalinasa kwenye ukosi wa shati. Alienda mwenyewe kwenye rafu, akaleta bawaba ndogo na skrubu zake, kisha badala ya kurudi mahali pake akasimama nyuma yake. Hakusema kwamba amempisha. Mshonaji aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Na hiyo tepu shingoni," mwanamume aliuliza, "unapimia watu au ni mkufu?"

Mshonaji alijishika shingo. Alikuwa ametembea barabara nzima na tepu yake ya kazi bila kujua. Wakacheka wote wawili, na hata muuzaji, aliyekuwa hana muda wa kucheka, akacheka.

Alikuwa seremala, mwenye karakana yake mtaa wa nyuma ya soko. Mshonaji alimpa namba ya simu, akasisitiza kwamba ni kwa ajili ya kabati tu. Seremala akaja, akafunga mlango ukatulia kimya, kisha akatoa kitambaa mfukoni akafuta vumbi alilolimwaga. Bibi aliona. Tangu siku ile alimuulizia seremala kuliko alivyoiulizia dawa yake ya miguu.

Simu ya kabati ikawa simu ya habari za asubuhi, ikawa ya umekula nini, ikawa ya nimekukumbuka. Jioni moja, wameketi kwenye benchi nje ya karakana, mshonaji alimweleza kuhusu mchumba aliyemtangulia. Mtu yule kwa miaka alikuwa na neno moja: imebaki kidogo. Imebaki kidogo nipate nyumba. Imebaki kidogo nimwambie mama. Siku moja mshonaji aliletewa gauni la harusi alipunguze kiuno, na kumbe bwana harusi alikuwa ni mchumba huyohuyo.

"Ukafanyaje?" seremala aliuliza.

"Nikalipunguza. Vizuri." Alitazama pembeni kidogo. "Kwa hiyo hilo neno usiniambie. Jambo likiisha, sema limeisha. Lisipoisha, nyamaza."

Seremala aliahidi. Kiapo kilikuwa kigumu, maana fundi asiyesema imebaki kidogo ni fundi aliyefungwa mdomo. Na wakati huo alishaanza kumtengenezea meza ya kukatia nguo, baada ya kumkuta amepiga magoti sakafuni na mkasi, kitambaa kimeenea mpaka uvunguni mwa kochi. Kila siku mshonaji aliiulizia.

Seremala akatafuta njia ya panya. Jioni alikuwa akisoma Kiingereza, apate kuelewana na wateja wageni waliokuja kuagiza samani, na mwalimu wake alipenda misemo kuliko sarufi.

"Meza yangu je?" mshonaji aliuliza kwenye simu.

"Home straight."

"Ndiyo nini?"

"Wakimbiaji wamemaliza kona zote, mbele yao ni mstari ulionyooka mpaka kwenye utepe."

"Sasa hiyo si ndiyo imebaki kidogo?"

"Kwa Kiswahili, ndiyo. Lakini kwa Kiswahili nimekatazwa, mpenzi."

Mshonaji alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Siku nyingine aliambiwa kwamba kuna mwanga mwishoni mwa handaki, akajibu kwamba atampelekea fundi wake tochi. Ukawa mchezo wao, na yeye mwenyewe hakutambua kwamba neno lile la zamani lilikuwa linapoteza ukali wake taratibu.

Kisha ikaja ile simu ya mchana.

Mshonaji alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Upande wa pili kulikuwa na makelele, kitu kinanguruma, wanaume wanacheka. Seremala alipaza sauti yenye furaha tele. "Mpenzi, mimi na wewe sasa, all over bar the shouting!"

Mshonaji alikuwa na Kiingereza chake cha shule. All over alilijua, ni yameisha. Bar alilijua bila kufundishwa na mtu. Shouting ni kelele, na hizo alizisikia kwa masikio yake. Kumbe yeye na huyu mtu wameisha, mwenyewe yuko baa, na wenzake wanashangilia.

"Umesemaje?"

Seremala alirudia, vilevile, na kicheko juu yake.

Mshonaji alisimamisha pasi ili isiunguze ukosi wa mteja. "Sawa," alisema. "Mimi sitapiga kelele." Akakata simu.

Tangu hapo simu ililala kifudifudi. Ikiita, aliiacha iite. Seremala alipokuja kibandani, mshonaji alitokea mlango wa nyuma kwenda kununua uzi ambao alikuwa nao. Bibi alipouliza, alijibiwa kwamba fundi ana kazi nyingi. Bibi hakuchimba zaidi. Alimwongezea sukari kwenye chai.

Mpaka alfajiri moja.

Ko. Ko-ko.

Mshonaji alifumbua macho. "Bibi, kabati."

"Nimelisikia, limelegea tena. Nimeshampigia fundi."

"Fundi gani?"

"Kwani tuna wangapi?"

Jua lilikuwa linachomoza seremala alipobisha hodi. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa, ambalo halikupatana hata kidogo na bisibisi mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mgonjwa yuko jikoni," Bibi alisema, na haikujulikana kama mgonjwa ni kabati au mjukuu.

Mshonaji alikuwa mezani akishona pindo kwa mkono. Hakuinua kichwa. Seremala alipiga goti mbele ya kabati, lakini hakuligusa.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Umesema yameisha, basi yameisha."

"Nani kasema?"

"Wewe. Kwa Kiingereza, ukiwa baa."

"Baa? Baa ipi?"

"Uliitaja mwenyewe. Na kelele nilizisikia."

Seremala alimtazama. Kisha akakaa chini kabisa, na shati lake jeupe, akashika kichwa. Akamweleza polepole. Ile bar si ya kunywea, ni isipokuwa. Ni kama mpira, timu imeshashinda, mambo yote tayari isipokuwa filimbi na watu kushangilia. Na iliyokuwa inanguruma ni mashine ya randa, na waliocheka ni mafundi wenzake wa karakana.

"Meza ilikuwa imekwisha," alisema. "Chumba cha mbele nyumbani kwangu nimekipaka rangi, cherehani yako ikae dirishani. Mama nimeshamwambia. Uliposema hutapiga kelele, nikasema moyoni, huyu hata furaha yake ina adabu."

Sebuleni Bibi alikohoa, kikohozi kinachofanana sana na kicheko.

Mshonaji alijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Mabega yalitikisika, na yeye mwenyewe hakujua kama analia au anacheka.

"Kwa nini hukuniuliza?" seremala alisema kwa upole.

"Yule wa kwanza nilimuuliza miaka yote. Safari hii niliona aibu kuuliza tena."

Seremala alisogea karibu na kiti chake. "Basi Kiingereza nawaachia wateja. Nataka kukuoa. Kwa upande wangu hilo limekwisha, halijabaki kidogo wala kingi. Ni jibu lako tu."

Mshonaji alimtazama, vumbi la sakafu kwenye shati jeupe, na penseli nyuma ya sikio hata leo. Akainamia pindo lake.

"Imebaki kidogo," alisema.

Uso wa seremala ulisawijika.

"Imebaki kidogo pindo hili liishe. Likiisha, jibu ni ndiyo." Alivuta uzi mara moja, akauachia. "Hata kabla halijaisha, ni ndiyo."

Seremala hakujua aiweke wapi mikono yake, akaigeuzia kabati. Alitikisa mlango, akachungulia bawaba, akainama kutafuta sakafuni.

"Ajabu. Hii haikulegea. Skrubu zimetolewa, tena kwa kisu cha mezani."

Wote wawili waliutazama mlango wa sebule. Bibi alikuwa amesimama pale, mkono mfukoni mwa sweta. Alitoa skrubu, akampa seremala moja baada ya nyingine, naye akazikaza. Ya mwisho aliishika, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Hii hapana."

"Bibi, mlango utagonga," mshonaji alisema.

"Uache ugonge. Akimaliza kila kitu hapa, na wewe akakuchukua, atarudi kufanya nini?" Alipangusa vumbi kwenye bega la lile shati jeupe. "Uje tena, baba. Mje wote wawili."