Supu ya Kibonge

Ta-ta-ta. Mfuniko wa sufuria ulicheza gizani, ukanyamaza, ukacheza tena. Mama Kibonge alikuwa macho kitandani, akiusikiliza. Kulikuwa hakujapambazuka. Kwake mlio ule ulikuwa dawa. Mifupa inachemka. Mwanawe akiamka atapata supu.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitatu. Watu walimwita Kibonge kwa sababu ya mashavu yake. Majirani walimtania mama yake, wakimuuliza ameficha wapi ghala la chakula. Bibi, mama mkwe wake, alijibu kwa niaba yake kwamba wivu hauna dawa.

Zamani majirani hao hao walimwita Mama kwa jina la bintiye wa kwanza. Binti alipofariki, waliacha kulitaja. Naye alikuwa na mashavu. Aliharisha, akanyweshwa supu tu, akalala, hakuamka. Wakati wa msiba shangazi mmoja alisema maharage machache aliyoonjeshwa ndiyo yaliyomshinda, kwamba tumbo la mtoto haliwezi vitu vizito. Neno hilo lilimwingia Mama moyoni likakaa.

Basi aliapa huyu wa pili hatakula kigumu. Kila alipokwenda sokoni, alianzia kwa muuza nyama kuchukua mifupa. Kisha alinunua unga mweupe kuliko wote na sukari. Maharage kidogo yalikuwa ya mumewe, aliyechomelea vyuma kutwa nzima. Nyama iliyobanduka kwenye mifupa ilikwenda kwa wakubwa. Kibonge alipewa uji mweupe, na supu. Bibi alisema nyama iliyochemka sana ni makapi tu, nguvu zote zimeshahamia kwenye maji.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea chumbani, karibu na mlango, na Kibonge alikaa chini kando ya mashine. Hakuchezea nyuzi. Hakugombania vifungo. Nywele zake zilikuwa zimepauka, nyepesi kama za mahindi mabichi. Mama alishukuru kwamba amepata mtoto mpole.

Siku moja jirani yao wa ukuta wa pili alileta sare yake itiwe kiraka. Alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke wa maneno machache. Akisubiri, alimtazama Kibonge. Akamwita. Mtoto hakugeuka. Muuguzi akapiga magoti, akamshika mguu, akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akakaa hivyo kwa muda. Halafu akakiondoa. Pale alipobonyeza palibaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Akabonyeza mguu wa pili. Shimo lingine.

"Tazama, mdogo wangu," alisema.

"Si mafuta hayo, dada? Amenenepa."

"Mafuta ukiyabonyeza hurudi. Haya ni maji. Mtoto huyu hajanenepa, amevimba kwa njaa."

Cherehani ilinyamaza. Mama alitazama yale mashimo mawili yakijifuta polepole. 

"Dada yake alikuwa hivi hivi."

Muuguzi hakumlaumu. Alimuuliza tu mtoto anakula nini, akasikiliza mpaka mwisho, habari ya mifupa na uji mweupe. Kisha akamweleza kwamba supu inampa mtoto maji na ladha, lakini kinachomjenga mwili kimebaki kwenye nyama na maharage yenyewe. Tumbo lake hujaa maji akashiba, huku mwili ukilala njaa. Mama alisema atayapika maharage sasa hivi. Muuguzi akamshika mkono.

"Sikiliza. Mtoto aliyevimba miguu hatangulizwi sokoni, anatangulizwa zahanati. Mwili wake umechoka. Chakula kingi cha ghafla kinaweza kumuua."

Wakaondoka na sindano ikiwa bado imechomekwa kwenye sare.

Kibonge alipelekwa hospitali, akalazwa. Alipewa maziwa maalumu ya tiba, kidogo kidogo, mchana na usiku, na dawa. Uvimbe ukaanza kushuka, na mashavu yakaondoka nao. Chini yake palikuwa na mtoto mwingine kabisa, mbavu na macho. Bibi alipokuja kumtazama alijifunika uso kwa khanga. Mama aliogopa kuliko mwanzo. Wauguzi wakamwambia hivyo ndivyo alivyokuwa siku zote. Maji yalikuwa yamewaficha ukweli. Kitanda cha pembeni yao kilikuwa kitupu asubuhi moja, na mama wa mtoto aliyefariki alikunja nguo ndogo. Mama Kibonge alimsaidia kuzikunja.

Waliporuhusiwa, yule muuguzi jirani alikwenda na Mama sokoni. Kikapu kilikuwa kile kile. Muuza nyama alimwita kwa utani, akamuuliza mifupa yake ataila nani, maana mbwa wa mtaa wameshiba. Safari hii alipita. Alinunua maharage, mayai, na mchicha wenye majani yaliyosimama. Dagaa walinuswa kwanza. Wenye unyevu wakaachwa. Karanga muuguzi alizichambua kiganjani, akamwonyesha zenye ukungu na kumwambia hizo ni sumu, zisiingie nyumbani hata za bure. Chupa ndogo ya mafuta ikawa ya mwisho. Ile sukari na unga mweupe wa bei ghali ndivyo vilivyopisha nafasi.

Bibi alipoona maharage yamelowekwa, aliinuka.

"Unataka kuniulia na huyu?"

Mama alikuwa akitoa vichwa vya dagaa. Hakuinua macho.

"Mama, yule tulimzika na supu tumboni."

Bibi akakaa. Alisubiri mpaka maharage yakaiva, yakawa yanapondeka kwa vidole viwili. Ndipo akauvuta mwiko. Alisema yeye hana meno, basi nani anajua kuponda kumshinda. Aliponda mpaka yakawa laini kama siagi, mchuzi wake humo humo, akatia mafuta kijiko kimoja. Dagaa walikaangwa wakavu, wakatwangwa kuwa unga, wakakorogwa ndani ya uji. Yai liliiva mpaka likakaza. Mumewe alileta sahani ndogo ya bati, ya Kibonge peke yake, ili wakubwa wasimtangulie kwenye sinia. Siku nyama ilipopikwa, aliichota yake mwenyewe, akaichambua vipande vidogo na kuitia mle. Akasema chuma anakiweza hata kwa mchicha.

Mwanzoni mtoto alikula kwa kubembelezwa. Kijiko, kisha mapumziko, kisha kijiko. Siku nyingine aligeuza uso, na Mama alikwenda nyuma ya nyumba kulia asionekane. Kila wiki walirudi zahanati akapimwa. Nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye mizizi. Siku moja kifungo kikapotea, kikapatikana ndani ya kiganja chake.

Kisha ikaja alasiri moja. Mama alikuwa akishona, maharage yakichemka. Ta-ta-ta, mfuniko ulicheza. Alisikia bati likiburutwa sakafuni. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Kibonge alikuwa amesimama mbele yake, mwembamba, ameshika sahani yake kwa mikono miwili.

"Mama, nina njaa."