Mtawa Orani Alivyoshinda

"Mwache mtawa Orani ashinde," Fredrick alisema, akisoma sura mpya ya hadithi kwenye simu ya Eliaichi. "Kiapo cha mdomo bila nia ya moyo hakimfungi mtu. Wanafalsafa wa zama zile walibishana hivyo hivyo."

"Lakini Malkia alimwamini. Amemsubiri mnarani miaka saba."

"Kuamini ni juu ya Malkia. Nia ni ya mtawa."

Eliaichi alikuwa na jibu, tena zuri: anayesikia kiapo haoni moyo, anasikia neno tu, kwa hiyo neno ndilo linalofunga. Lakini Fredrick alikuwa amesomea falsafa chuoni, alikuwa mchumba wake, na akishinda hoja alikuwa na tabasamu la kummaliza mtu nguvu. Akamwachia. Mapenzi bwana. Sura ya kumi na mbili ya hadithi yake ya falme za kale na majoka ikaenda kwenye kundi la wasomaji wake WhatsApp, Orani akiwa mshindi.

Jumapili iliyofuata binamu yake Honorata akatuma ujumbe kutoka kijijini Mamba:

"Dada, leo kanisani wametangaza ndoa ya Fredrick na Blandina wa mzee Tumainieli. Ni tangazo la pili, la kwanza sikuwepo. Pole sana."

Akampigia Fredrick.

"Uliapa mbele ya mama yangu, Fredrick. Mkono juu ya Biblia."

"Mama alikuwa mgonjwa, Eli. Nilitaka apumzike kwa amani. Moyo wangu haukuwepo."

"Alikufa akikuita 'mkwe wangu'."

"Najua. Lakini hili unalielewa, si umeliandika mwenyewe?"

Hapo ndipo palipomuuma zaidi, kuliko hata jina la Blandina. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Jumapili ya tangazo la tatu alipanda bodaboda kutoka Same mpaka Mamba, juu milimani. Mzee wa kanisa aliposoma majina na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, Eliaichi akasimama.

"Mimi nina swali tu kwa bwana harusi. Siku akiapa hapa, Blandina atajuaje kama moyo wake upo?"

Fredrick akacheka kidogo. "Mnisamehe, wapendwa. Huyu dada anachanganya hadithi zake na maisha."

Blandina, aliyekuwa amekaa pembeni yake, akamgeukia.

"Hadithi hiyo ulinitumia wewe. Ukajisifu kwamba hoja ya mtawa ni yako."

"Tutaongea nyumbani, Blandina."

"Mjibu dada, nasikiliza."

Fredrick, msemaji hodari, akamwashiria mzee wa kanisa aendelee. Blandina akachukua mkoba akatoka, na Eliaichi akamfuata.

Wakakaa kwenye ngazi za kanisa.

"Kwa nini ulimwacha mtawa ashinde?" Blandina akauliza.

"Nilimpenda aliyekuwa anabishana."

"Hata mimi, dada."

Ndani kwaya ikaanza kuimba, nao wakabaki pale wakisubiri bodaboda ya kushuka.