Maji ya Pili

Treni ikichelewa, kituo cha reli cha Tabora hugeuka soko. Eustadia alikuwa akipenya katikati ya mizigo na watu, kitenge chake cha zambarau kimepanda upande mmoja, ndoo ya asali mkononi. Mfuniko ukafyatuka. Asali ikamwagikia kiatu cha mwanamume aliyevaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

“Samahani kaka, sikukuona.”

“Kiatu kimekuona.” Aliinama, akachovya kidole, akalamba. “Ya miyombo hii. Unauzia wapi?”

“Mtu mzima unalamba kiatu?”

“Nimekaa Japani mwaka mzima bila asali ya kwetu. Hata soksi ningelamba.”

Alikuwa Yoramu, bwana shamba wa Urambo, aliyerudi kutoka masomoni. Tangu siku hiyo simu ya Eustadia haikupumzika jioni. “Mama Asali, umekula?” “Nimekula.” “Umeniwaza?” “Nimewaza kiatu chako.”

Lakini moyo wa Eustadia haukutulia. Alikuwa kama mtu aliyeondoka nyumbani akidhani ameacha moto jikoni. Eustadia alikuwa mjane, na wanaume waliomjia tangu afiwe walipita uani. Wewe si msichana, walimwambia, posa ya nini tena? Yoramu peke yake ndiye aliyesema shangazi yake, Gaudensia, angepeleka posa Jumapili kwa Tobias, kaka yake Eustadia. Eustadia aliisubiri Jumapili hiyo huku akiiogopa.

Ijumaa, Yoramu alimwalika kwa shangazi yake, Gongoni, waonje chai. Eustadia alivaa gauni la kijani na hereni ndogo za dhahabu. Mezani palikuwa na birika dogo la udongo na vikombe kama vya kahawa.

“Inaitwa oolong,” Yoramu alisema. “Wajapani wengi hunywa ya kijani. Wanaotengeneza hii ni wachache. Majani yake huachwa yanyauke na kuiva nusu.”

“Sukari iko wapi?”

“Haiwekwi, mpenzi.”

“Basi ni dawa.”

Walicheka. Yoramu alimimina chai, akampa shangazi yake yote. Kisha, mbele ya macho ya Eustadia, akaongeza maji juu ya majani yale yale, akasubiri kidogo, akamsogezea kikombe.

Eustadia alikitazama. Kwao, majani yakishatoa chai humwagwa. Kumwongezea mgeni maji juu ya makapi ni kumwambia kwamba hakutarajiwa. Basi huyu naye, aliwaza, ananiona mtu wa kupewa yaliyobaki. Alisingizia kwamba ameacha duka lake la asali wazi, akaondoka bila kuonja.

Simu ilimkuta njiani.

“Stadia, chai inapoa.”

“Mwambie shangazi Jumapili asijisumbue.”

“Nimekosa nini?”

Akakata.

Jumamosi aliosha chupa zilizokuwa safi. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Simu iliita mezani. Akaifunika kwa kanga, ikaendelea kutetemeka chini yake. Adhuhuri Gaudensia akaingia dukani akihema.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Umenikosesha usingizi, binti. Yule kijana ananywa maji tu tangu jana.”

“Alinipa makapi, shangazi. Mbele yako.”

“Makapi?” Bibi yule alijitupa kwenye kiti. “Mimi ndiye niliyeonewa. Ile ya kwanza ilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria, nikaimeza kwa adabu. Ulipoondoka nikamuuliza, mbona mgeni hukumpa ya kwanza? Akasema majani yalikuwa hayajafunguka, iliyo bora ni ya pili. Hata mimi niliona vibaya pale mezani, ila ningesemaje?”

Eustadia alifunga duka.

Yoramu alikuwa barazani kwa shangazi yake, shati lile lile, sasa limekunjamana.

“Ungeniambia,” Eustadia alisema kabla hajakaa. “Mimi ni mjane, Yoramu. Mambo mengine huwezi kunifanyia kimya kimya.”

“Nilitaka unywe iliyo bora.”

“Na ukanichagulia. Pika tena. Nipe zote, kuanzia ya kwanza.”

“Ya kwanza haina kitu.”

“Tutainywa wote tukijua haina kitu.”

Walikunywa. Kweli haikuwa na kitu. Ya pili ilipomiminwa, harufu ilimfikia kabla ya kikombe: harufu ya pori miyombo inapotoa maua, na kwa mbali tunda lililoiva likaanikwa. Ilipita ulimini bila ukali, ikaacha utamu kooni ambao hakuna aliyeutia. Alifumba macho. Alipoyafumbua, Yoramu alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

“Nzuri?”

“Nzuri. Ila ingekuwa nzuri hata jana.”

“Nisamehe, mpenzi.”

Eustadia alisogeza kikombe mbele kiongezwe, akatoa simu na kubonyeza namba.

“Kaka Tobias, shikamoo. Kesho usiende popote ukitoka kanisani. Una wageni.”