Maji Yaliyopanda Chupani

Kila asubuhi, kabla ya kunywa maziwa, aliyanusa. Akipewa kipande cha mkate, alikilinganisha kwanza na cha kaka yake. Akiambiwa shule imefungwa, alikwenda mpaka getini kuhakikisha. Ndiyo maana nyumbani walimwita Mpelelezi, na jina hilo alilipenda kweli.

Baba yake alimpeleka shule kwa teksi yake, gari kuukuu lililoanza kazi kabla Mpelelezi hajazaliwa. Siku moja lilikohoa, likasogea kidogo, likazima katikati ya njia panda. Abiria aliyekaa nyuma akashuka kutafuta gari jingine.

"Ni haya mafuta yao mapya," Baba alisema akifungua boneti. Kwenye kituo cha mafuta palikuwa na tangazo kwamba petroli sasa imechanganywa na spiriti ya miwa, inayoitwa ethanoli. "Wao wanasema spiriti. Mimi nasema ni maji."

"Tutajuaje, Baba?" Mpelelezi aliuliza, masikio yamemsimama.

Jioni, Baba alifanya jaribio wanalolijua madereva wa zamani. Alitia maji kidogo katika chupa ya kioo, na Mpelelezi akachora mstari pale yalipoishia. Kisha Baba akaongeza petroli, akatikisa, wakasubiri. Petroli na maji havipatani: maji hukaa chini, petroli juu. Maji yakibaki kwenye mstari, mafuta ni safi. Haya yalikuwa yamepanda juu ya mstari.

"Umeona? Maji ya ziada yametoka wapi kama si kwenye mafuta yao?" Baba alisema kwa hasira. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na anayetujazia mafuta pale kituoni ni jirani yetu, Mama Nukta."

Nukta alikuwa rafiki wa Mpelelezi, msichana mdogo wa umbo aliyeketi naye dawati moja. Lakini Mpelelezi alikuwa ameona kwa macho yake, na siri ilimwasha mdomoni. Asubuhi, kabla ya kengele, nusu ya darasa walijua kwamba mama yake Nukta anauza maji. "Lisemwalo lipo," mmoja alisema, na kufikia mchana maji yalikuwa yamegeuka matope. Nukta alichukua mkoba wake, akahamia dawati la nyuma.

Siku chache baadaye alikuja na macho mekundu. Madereva, Baba akiwa mbele yao, walikuwa wamemlalamikia meneja wa kituo. Mama Nukta ameambiwa akae nyumbani mpaka mafuta yapimwe.

"Wakimfukuza kazi, tutahama," Nukta alisema. "Nami nikuulize, Mpelelezi. Gari la mwalimu mkuu linajazwa kwenye pampu ileile. Kama ni maji, mbona halizimi?"

Kwa mara ya kwanza Mpelelezi alijishuku mwenyewe, na alijisikia vibaya sana.

Nyumbani alimweleza mama yake, aliyekuwa muuguzi wa zahanati. Mama aliitazama chupa iliyokuwa bado dirishani, akaipeleka nje kwanza. "Petroli ndani ya nyumba yenye jiko? Wewe na baba yako mtatuunguza." Kisha akajaza maji nusu glasi. "Haya, chora mstari wako."

Mpelelezi akachora. Mama akamiminia spiriti ya kusafishia vidonda, na kimiminiko kikapanda juu ya mstari.

"Spiriti iko wapi?"

Mpelelezi aliinama, akatazama kila upande. "Siioni, Mama. Imechanganyika na maji."

"Basi na chupani ni hivyohivyo. Spiriti inapenda maji. Mlipotikisa, iliiacha petroli ikayafuata maji, nayo yakaonekana yameongezeka. Jaribio la baba yako ni la petroli ya zamani."

Baba, aliyesimama mlangoni, alikuna kichwa. "Sasa gari langu lina nini?"

"Fungua uone, badala ya kufungua mdomo."

Kesho yake fundi alilifungua. Mpira wa kupitisha mafuta ulikuwa umevimba na kulainika, na chujio limejaa uchafu. Magari mapya kama la mwalimu mkuu, alieleza, yametengenezewa mipira inayostahimili ethanoli. Katika gari kuukuu, spiriti hulainisha mpira wa zamani na kung'oa kutu ya miaka mingi tangini. Alibadilisha mpira na chujio kwa vinavyofaa. Gari likawaka bila kukohoa.

Vipimo vya kituo navyo havikukuta maji, na Baba alikwenda kwa meneja na kujirudi mbele ya madereva wenzake. Mpelelezi alisimama mbele ya darasa lilelile na kusema alichokosea. Nukta alirudi dawatini, ila mkoba wake aliuweka katikati yao.

Jumamosi Mpelelezi na wazazi wake walipita kituoni. Mama Nukta alikuwa pampuni, na sare yake imepigwa pasi.

"Shikamoo, Mama Nukta," Mpelelezi alisema taratibu.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Baba. "Jirani, nikujazie petroli, au leo nikuwekee maji tu?"

Baba alicheka, lakini Mpelelezi aliinamisha kichwa.

Walipoondoka, Mama aligeuka. "Kikulacho kilikuwa nguoni kweli, ila nguo zenyewe zilikuwa zetu. Kuwa na shaka si kosa, mwanangu. Ukishuku, muulize mwenyewe, kisha chunguza hadi mwisho. Mpira wa mafuta tumenunua mwingine dukani. Jina la mtu ukishalichafua, utalinunua wapi?"